Kazi na Akazi: Historia Fupi ya Jasho la Gerezani

Neno gereza limetembea sana. Wareno walilileta pwani wakisema igreja, yaani kanisa, kwa sababu ndani ya ngome zao mlikuwa na kanisa. Watu wa pwani wakaliita ngome nzima kwa jina hilo, na ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, neno likabaki humo ndani. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958. Kutoka pwani neno likapanda na misafara na askari mpaka huku kwenye maziwa, na leo Mnyarwanda akisema gereza, hatafsiri kitu. Ni neno lake.

Neno la pili lililopanda njia hiyo hiyo ni kazi. Hapa Gisenyi kijana akipata akazi, mama yake anashangilia. Lakini ukiuliza historia, akazi ya wakati wa Wabelgiji ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa kazi ya lazima: kutengeneza barabara, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kupanda kahawa, na asiyefika alikuwa na miadi na kiboko. Watu wengi walikimbilia Uganda juu ya hiyo akazi. Kwa hiyo neno moja lilibeba mambo mawili: kazi inayokulisha na kazi inayokumaliza.

Nimeanza na maneno haya mawili kwa sababu nataka kuzungumzia kazi inayofanyika gerezani, na biashara zinazoundwa ili mfungwa ajifunze, azalishe, kisha arudi nyumbani akiwa mtu. Watu wa mashirika wanaziita biashara za kijamii: zinauza na zinatafuta faida, lakini faida hiyo inatakiwa kurudi kwa jamii, isiishie mfukoni mwa tajiri mmoja. Katika mkoa wetu huu jambo hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na siyo historia nyepesi.

Mwaka 1930

Mwaka 1930 yalitokea mambo mawili. La kwanza, Wabelgiji walijenga gereza kuu la Kigali, na mitaani likaitwa tu "1930" kwa karibu miaka tisini, mpaka wafungwa walipohamishiwa Mageragere. La pili, mbali huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 29 wa kukataza kazi ya kulazimishwa.

Mkataba ule uliacha mlango wazi kwa kazi ya gerezani. Kazi ya mtu aliyehukumiwa na mahakama haihesabiwi kuwa ya kulazimishwa, ila kwa masharti mawili: isimamiwe na serikali, na mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa mtu binafsi au kampuni. Ukisoma masharti hayo leo unaelewa waliogopa nini. Waliogopa gereza ligeuke soko la vibarua wa bure. Maana kama kila mfungwa ni faida, basi kuna mtu atakayependa wafungwa wawe wengi.

Hofu hiyo bado iko hai. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipopitisha kanuni mpya za kutunza wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Mandela, uliandika wazi kwamba kazi ipo ili imfae mfungwa na mafunzo yake, na hayo yasiwekwe chini ya tamaa ya faida. Kanuni hizo zinasema pia mfungwa alipwe ujira wa haki, sehemu atume kwa familia yake, na sehemu nyingine iwekwe akiba mpaka siku ya kutoka.

Magereza yaliyojaa

Sasa turudi nyumbani. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walipita hapa Gisenyi kwa siku chache wakiingia Goma. Novemba 1996 wengi wao walirudi kwa barabara ile ile, kwa miguu, magodoro kichwani. Waliotuhumiwa walikamatwa. Magereza ambayo tayari yalikuwa yamejaa yakajaa mara ya pili.

Gereza la Gitarama lilijengwa kwa ajili ya watu 400 hivi. Mwaka 1995 lilikuwa na karibu 7,000. Watu walisimama usiku na mchana kwenye matope, wengine miguu ikaoza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na wafungwa zaidi ya 120,000, na mahakama zilikuwa zimepoteza majaji wengi, waliouawa au kukimbia. Watu walipiga hesabu wakaona kesi zile, kwa mwendo wa kawaida, zingechukua zaidi ya miaka mia moja.

Nawaomba wasomaji, hasa wafanyakazi wa mashirika, mshike picha hiyo. Kazi ya magereza ya Rwanda kama tunavyoijua leo haikuzaliwa kwenye semina. Ilizaliwa na njaa, kuni na kinyesi. Watu elfu tano ndani ya ukuta mmoja wanakula kila siku, na chakula hicho kinapikwa kwa kuni. Na wote wanaenda choo.

Gesi ya Cyangugu

Mwaka 2001 gereza la Cyangugu, kule kusini mwa ziwa letu hili la Kivu, lilipata mtambo mkubwa wa biogesi, wa kwanza wa aina hiyo katika magereza ya nchi. Waliousanifu ni KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, wakiongozwa katika kazi hiyo na mhandisi Ainea Kimaro.

Mtambo wenyewe siyo uchawi. Uchafu wa vyoo unapita kwenye bomba mpaka kwenye vyumba vya duara vilivyojengwa kwa matofali chini ya ardhi, vimeunganishwa kimoja na kingine. Humo hakuna hewa. Vijidudu vinakula ule uchafu na kutoa gesi inayowaka, gesi inapanda juu ya kuba, bomba linaipeleka jikoni. Kinachobaki kinatoka upande wa pili bila harufu ile ya kwanza, na kinakuwa mbolea ya bustani. Sisi wa Gisenyi hatuna haki ya kushangaa, kwa sababu gesi ya namna hiyo hiyo ilitolewa chini ya ziwa hapo Rubona tangu miaka ya 1960 ikapelekwa kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa.

Wafungwa wenyewe walishiriki kuchimba na kujenga, na baadhi yao wakajifunza ufundi huo. Kuni zilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2005 KIST ikapewa tuzo ya Ashden huko London kwa kazi hiyo, na mitambo ikaendelea kujengwa katika magereza mengine. Kwa anayetaka kujua uzito wa kuni, atazame msitu wa Gishwati, hapa juu yetu tu. Ulikatwa karibu wote kabla haujaanza kupandwa upya, na ndipo ukaingizwa katika hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura.

Je, hiyo ilikuwa biashara ya kijamii? Kwa jina, hapana. KIST ilikuwa chuo cha umma. Lakini kwa vitendo naona mambo yote matatu: kuna huduma yenye bei yake, kuna tatizo la jamii linalopungua, na kuna ufundi unaobaki mkononi mwa mtu. Fundi aliyejua kujenga kuba la matofali chini ya ardhi anaweza kuijenga tena mahali pengine. Hilo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, maana kuni zilizookolewa ni za gereza, lakini ufundi ni wa mfungwa.

Kazi badala ya kifungo

Mwaka huo huo wa 2005 ilianza kazi nyingine kubwa zaidi. Kwa Kifaransa inaitwa TIG, na Wanyarwanda wanasema imirimo nsimburagifungo, kazi inayochukua nafasi ya kifungo. Mahakama za gacaca, zilizozinduliwa Juni 2002 na kufungwa Juni 2012, ziliamua kesi karibu milioni mbili. Aliyekiri, akaeleza ukweli na kuomba msamaha, aliweza kutumikia sehemu ya adhabu yake nje, akifanya kazi.

Mpango wa kwanza ulikuwa mtu alale kwake na kufanya kazi siku tatu kwa wiki, kwenye kijiji kile kile alichokikosea. Baadaye kambi za TIG zikawa nyingi, kwa sababu ni rahisi kusimamia watu mia tatu mahali pamoja kuliko mmoja mmoja vijijini. Makumi ya maelfu ya watu walipita humo. Walijenga nyumba za manusura, walichimba terasi milimani, walifungua barabara, walipasua mawe, walijenga madarasa.

Shirika la Penal Reform International lililofuatilia kazi hiyo kwa miaka liliuliza swali ambalo mimi naona ni la msingi: kama mtu anapasua mawe ya barabara katika wilaya ambayo hakuna anayemjua, anamlipa nani deni lake? Serikali inafaidika, ni kweli, na barabara tunaipita sote. Lakini yule mjane ambaye nyumba yake ilichomwa hakuona kitu. Kazi iliyokusudiwa kupatanisha watu wawili ikakaribia kuwa uzalishaji tu. Kwa lugha ya wazee, ikaanza kunukia akazi.

Sisemi TIG ilishindwa. Nyumba zile zipo, watu wanaishi ndani. Na aliyetoka kambini baada ya kuchimba terasi miaka mitatu alirudi na kitu mkononi kuliko aliyekaa ukutani akihesabu siku. Nasema tu kwamba kazi ile ile, jembe lile lile, inabadilika maana kulingana na mahali inapofanyika na nani anaiona.

Mwaka 2010 sheria iliunganisha ofisi ya TIG na idara ya magereza, ikazaliwa Rwanda Correctional Service. Kutoka hapo neno likawa kurekebisha na kuzalisha kwa pamoja: mashamba, matofali, ushonaji, useremala, ujenzi. Sheria ya makosa ya jinai ya 2018 nayo iliweka kazi za manufaa ya jamii kuwa adhabu ya kawaida, siyo ya kesi za 1994 peke yake. Ni mlango mzuri, kwa sababu Rwanda bado ni moja ya nchi zenye wafungwa wengi sana duniani ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Kwa majirani

Kila jirani alijaribu njia yake. Tanzania mwaka 1974 iliunda shirika la uzalishaji mali la magereza, na leo pale gereza la Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi kilichojengwa kwa ubia na mfuko wa pensheni wa umma. Kenya ina maofisa wa probesheni tangu 1946, watu ambao kazi yao ni kumfuata mkosaji nyumbani, kuzungumza na familia na chifu, kabla na baada ya hukumu, na mwaka 1998 ikaongeza sheria ya adhabu za huduma kwa jamii. Uganda ikafuata mwaka 2000, Tanzania 2002. Wote walikuwa wamesikia habari za Zimbabwe, iliyoanza mwaka 1992, na walikuwa wamekutana Kampala mwaka 1996 wakakubaliana kwamba magereza ya Afrika hayawezi kuendelea kujazwa hivi.

Na Goma? Wengi wetu tunaijua Munzenze kabla haijavunjwa Januari 2025. Ilijengwa kwa mamia ya watu ikabeba maelfu.  Mfungwa alikula kwa sababu mama yake au kanisa lilileta sahani. Asiye na mtu mjini alilala njaa. Ndiyo maana mtu wa Goma akisikia gereza lina shamba la mahindi, hasemi "wananyonywa". Anasema, "Wako na bahati, wanakula." Hilo nalo ni jibu, na tusilidharau tukiwa tumeshiba.

Nje ya ukuta

Sehemu ya historia hii isiyoandikwa sana ni ya wanawake. Mwanaume akifungwa, mke anabaki na watoto, shamba, aibu, na safari ya kupeleka chakula. Baada ya 1994 kampuni ya Gahaya Links, ya dada wawili Janet Nkubana na Joy Ndungutse, iliwakusanya wanawake kusuka vikapu vya agaseke. Kwenye mkeka mmoja walikaa manusura na wake za waliofungwa. Kuanzia 2005 vikapu vile viliuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Haikuwa programu ya gereza. Lakini mfungwa anayerudi na kukuta watoto wamesoma na mkewe ana kipato, ana nafasi ya kuanza upya ambayo hakuna askari magereza anayeweza kumpa.

Prison Fellowship Rwanda nayo ilijenga vijiji kama Mbyo, huko Bugesera, ambapo waliokosa na waliokosewa walijenga nyumba pamoja na wanaishi jirani. Wakulima hao wanagawana mvua na kiangazi. Mtu anaweza kubisha kuhusu msamaha, lakini ni vigumu kubisha na jirani anayekusaidia kubeba gunia.

Lakini biashara ya kijamii siyo serikali. Inaweza kufa. Sisi wa Rubavu tuliiona Inyenyeri, kampuni iliyoanza hapa Gisenyi na majiko yake ya peleti. Ilifika mpaka kambi ya Kigeme, wakimbizi wakapika bila moshi. Baadaye mtaji ukaisha na kampuni ikafunga, na wapishi wakarudi kwenye makala na kuni. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ila kama biashara ya namna hiyo ingekuwa ndiyo inayolisha gereza au inayomshika mkono anayetoka, nani angebaki naye siku ya kufunga? Kwa hiyo naamini wajibu ubaki kwa serikali, na biashara iwe msaidizi mwenye mkataba unaosomeka.

Kwa nini nayaandika haya

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Rubavu. Wengine ni wenyeji, wengine wamepitia Nkamira. Baadhi yao wameonja jela: mmoja kwa simu ya wizi, mwingine kwa magendo ya mpakani. Wanarudi na karatasi ya kuachiliwa na nguo walizovaa, basi. Kwa mkimbizi kuna na jambo la pili: kadi. Ukikaa ndani wakati wa kuhesabiwa, unaweza kutoka ukakuta jina lako halipo kwenye orodha, na kulirudisha ni safari nyingine.

Juzi kundi letu la ushonaji lilijadili kama vijana wawili waliotoka gerezani wapewe nafasi. Wote wawili walijifunza kushona huko ndani, na wanashona vizuri kuliko wengi wetu. Mama mmoja akasema mbele ya wote: "Mwizi apewe cherehani, na mwanangu ambaye hajaiba akae bure?" Watu wakapiga makofi. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Swali lake ni la haki, na historia niliyoisimulia hapa inaliheshimu. Ndilo swali la yule mjane aliyeona barabara ikijengwa mbali wakati nyumba yake bado haina paa.

Jibu langu kwake ni hili. Cherehani isiwe zawadi ya mwizi. Iwe ya kundi, na nafasi zigawanywe: kwa kila aliyetoka ndani, aingie na kijana mwingine ambaye hajawahi kufungwa, wafundishane. Aliyeiba simu, mwezi wa kwanza ashone sare za watoto wa mtaa ule ule alioiba, mwenye simu akiwepo na kujua. Faida iandikwe ukutani, siyo kwenye daftari la mwenyekiti. Na sehemu ndogo ya kila mmoja iwekwe akiba kwa jina lake.

Kwa ndugu wa mashirika ninawaomba mambo matatu kabla hamjatuletea mradi mwingine wa "kuwarejesha waliotoka gerezani". Tuambieni faida inaenda kwa nani. Tuambieni mtu atabaki na ufundi gani na cheti gani mradi ukiisha, kwa sababu utaisha. Na tuambieni mmezungumza na aliyeibiwa, siyo aliyeiba peke yake. Mradi ukijibu hayo vizuri, tutauita kazi na tutaamka asubuhi kuufanya. Ukishindwa, wazee wana jina lake tayari.

Kundi linakutana tena Jumamosi. Yule mama amekubali kuja, na amesema atamleta mwanawe.